Kuunganisha Hisa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wawekezaji Wadogo

Tangu programu za simu zilipowawezesha watu wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kununua hisa za Marekani kwa dola chache, maswali haya yamekuwa yakirudi kila wiki. Mara nyingi muulizaji ameamka asubuhi, akafungua akaunti na kukuta hisa zake zimepungua mara kumi au mara mia. Majibu yamepangwa kuanzia ya msingi hadi visa visivyo vya kawaida. Ukiwa na haraka, soma angalau sehemu ya pili. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

## Mambo ya msingi

Kuunganisha hisa ni kufanya nini hasa?

Kampuni inachukua hisa kadhaa zilizopo na kuzifanya hisa moja yenye thamani ya zote. Ikiwa ni 10 kwa 1, kila hisa kumi zinakuwa moja, na bei inapanda mara kumi siku hiyohiyo. Ni kama kwenda dirishani benki na noti kumi za shilingi 1,000 ukarudi na noti moja ya shilingi 10,000. Kwenye programu nyingi za Marekani tukio hili huandikwa "reverse split".

Kinyume chake ni kugawanya hisa, jambo ambalo wawekezaji wa Afrika Mashariki wanalifahamu zaidi. KCB iligawanya kila hisa kuwa kumi mwaka 2007, na Equity Bank ikafanya vivyo hivyo mwaka 2009.

Nilikuwa na hisa 500, leo naona 50. Zilizobaki zimekwenda wapi?

Hazijaibwa wala hazijauzwa, zimeunganishwa. Chukua mfano wa Citigroup, benki kubwa ya Marekani. Ijumaa ya tarehe 6 Mei 2011 hisa yake ilifunga kwa dola 4.52, na Jumatatu iliyofuata ikaanza kuuzwa baada ya kuunganishwa 10 kwa 1. Aliyekuwa na hisa 1,000 zenye thamani ya dola 4,520 alijikuta na hisa 100 za dola 45.20, yaani dola 4,520 zilezile. Kampuni yenyewe ilishuka kutoka hisa takriban bilioni 29 hadi takriban bilioni 2.9.

Kuna siku moja au mbili ambapo akaunti inaweza kuonyesha hisa mpya kwa bei ya zamani, au hisa za zamani kwa bei mpya. Mtu anaona amepoteza asilimia 90, au ametajirika usiku mmoja. Subiri rekodi zilingane kabla ya kubonyeza chochote. Zisipolingana ndani ya siku chache, mwandikie dalali wako na uambatanishe taarifa ya akaunti ya siku iliyotangulia.

Kama thamani haibadiliki, kwa nini kampuni ijisumbue?

Sababu kubwa ni kanuni za soko. Nasdaq, mojawapo ya masoko makubwa ya hisa ya Marekani, inataka hisa isishuke chini ya dola 1. Ikifunga chini ya hapo kwa siku 30 za kazi mfululizo, kampuni inapewa barua ya onyo na siku 180 za kujirekebisha, na kwa kawaida inahesabiwa imepona ikifunga kwa dola 1 au zaidi kwa siku 10 za kazi mfululizo. Soko la New York lina kanuni inayofanana nayo, inayotumia wastani wa bei za kufunga wa siku 30. Kampuni ambayo hisa yake inauzwa senti 40 ina njia mbili: biashara iboreke haraka hadi bei ipande yenyewe, au hisa ziunganishwe. Njia ya pili haihitaji mteja hata mmoja mpya.

Sababu nyingine ni sura mbele ya wawekezaji wakubwa. Mifuko mingi ya uwekezaji ina masharti ya ndani yanayoizuia kununua hisa za bei ya chini sana. Wakati mwingine idadi ya hisa imekuwa kubwa mno kuliko ukubwa wa kampuni. General Electric ilitoa sababu hiyo mwaka 2021 ilipounganisha hisa zake 8 kwa 1, baada ya kuuza sehemu kubwa ya biashara zake.

Nani anaamua? Naweza kukataa?

Bodi hupendekeza, na kwa kawaida wanahisa hupiga kura. Ukishapita uamuzi, unamhusu kila mwanahisa, hata aliyepiga kura ya hapana na yule ambaye hakufungua barua pepe. Huwezi kubaki na hisa za zamani.

Angalia namna pendekezo lilivyoandikwa. Kampuni nyingi za Marekani haziombi uwiano mmoja. Zinaomba ruhusa ya kuchagua popote kati ya, tuseme, 5 kwa 1 na 50 kwa 1, ndani ya muda uliowekwa. Miezi kadhaa baadaye bodi inachagua, na mwanahisa anashtuka akidhani hakuulizwa. Aliulizwa, ila barua ilimfikia kupitia programu ya dalali ikiwa na kurasa 80, na hakuna aliyemwambia ukurasa upi ni muhimu. Pia tangu Agosti 2023 sheria ya Delaware, jimbo ambako kampuni nyingi za Marekani zimesajiliwa, imelegeza kura hii kwa kampuni zilizo sokoni: inatosha kura za ndiyo kuzidi za hapana, badala ya kuhitaji zaidi ya nusu ya hisa zote.

## Hesabu ya hisa, na mahali pa kuangalia

Je, asilimia yangu ya umiliki inapungua?

Kwa kitendo cha kuunganisha peke yake, hapana. Ukiwa na hisa 1,000 kati ya 1,000,000, una asilimia 0.1. Baada ya 10 kwa 1 una 100 kati ya 100,000, ambayo ni asilimia 0.1 ileile. Kura zako zina uzito uleule. Tofauti ndogo inaweza kutokea kwenye vipande vya hisa tu (tazama swali la vipande hapa chini).

Asilimia hupungua kampuni inapotoa hisa mpya baadaye, na jibu linalofuata linaeleza kwa nini mambo hayo mawili hufuatana mara nyingi sana.

Hisa zilizoidhinishwa na hisa zilizotolewa zina tofauti gani, na kwa nini nijali?

Jali, kwa sababu hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Hisa zilizoidhinishwa ni idadi ya juu ambayo katiba ya kampuni inairuhusu kutoa. Hisa zilizotolewa ni zile ambazo tayari ziko mikononi mwa watu. Tuseme kampuni imeidhinishiwa hisa milioni 500 na imekwisha kutoa milioni 480. Imebakiza milioni 20 tu. Sasa inaunganisha 20 kwa 1. Hisa zilizotolewa zinashuka hadi milioni 24. Kama hisa zilizoidhinishwa nazo zingeshushwa kwa uwiano uleule, zingekuwa milioni 25. Lakini mara nyingi haziguswi, au zinashushwa kidogo tu. Zikibaki milioni 500, kampuni iliyokuwa na nafasi ya kuongeza hisa kwa asilimia 4 sasa inaweza kutoa hisa mpya milioni 476, karibu mara ishirini ya zilizopo.

Hakuna senti iliyotoka mfukoni mwako siku hiyo. Mlango wa kupunguza umiliki wako ndio uliofunguliwa, na kampuni inayounganisha hisa kwa sababu ya shida kwa kawaida ndiyo hiyohiyo inayohitaji fedha. Kwa hiyo ukipata taarifa ya kuunganisha, tafuta sentensi inayosema hisa zilizoidhinishwa zitafanywaje. Ikisema hazitabadilika, jiulize hizo mpya watauziwa akina nani, na kwa bei gani.

Kuna mifano halisi ya hilo?

Ipo mingi. Miwili inatosha.

AIG, kampuni ya bima iliyookolewa na serikali ya Marekani mwaka 2008, iliunganisha hisa 20 kwa 1 mwishoni mwa Juni 2009. Hisa za kawaida zikabaki chini ya milioni 140. Januari 2011, katika mpango wa kulipa deni la uokoaji, Hazina ya Marekani ilipokea hisa za kawaida takriban bilioni 1.66, karibu asilimia 92 ya kampuni. Kampuni ilipona na Hazina baadaye ikauza hisa zake zote. Lakini aliyeshikilia hisa zake tangu kabla ya 2008 alibaki akigawana na wenzake kisehemu kidogo cha kampuni iliyopona.

AMC, kampuni ya majumba ya sinema, inafunza zaidi kwa sababu wamiliki wake wengi walikuwa watu wa kawaida. Mwaka 2021 uongozi ulitaka kuongeza hisa zilizoidhinishwa, wanahisa wadogo wakapinga, na pendekezo likaondolewa. Agosti 2022 kampuni ikatoa aina mpya ya hisa za upendeleo zilizoitwa APE, ambazo hazikuhitaji ridhaa hiyo. Baada ya kura na kesi mahakamani, Agosti 2023 hisa za kawaida ziliunganishwa 10 kwa 1 na APE zikageuzwa kuwa hisa za kawaida. Septemba hiyohiyo kampuni iliuza hisa mpya milioni 40 na kukusanya takriban dola milioni 325. Fedha hizo ziliisaidia kampuni kuendelea kuishi, na sitasema hazikuhitajika. Aliyezigharamia ni mwanahisa aliyekuwapo.

Nina hisa 7 tu na uwiano ni 10 kwa 1. Nitabaki na nini?

Utabaki na haki ya kipande cha 0.7 ya hisa, na kampuni ndiyo inayotangaza vipande vitashughulikiwaje. Njia ya kawaida ni kukulipa fedha taslimu kwa thamani ya kipande hicho. Kampuni nyingine hukiongeza kiwe hisa nzima. Baadhi ya programu za simu, ambazo tayari hushika vipande kwa niaba ya wateja, hukuachia kipande kama kilivyo.

Usidhani hili ni dogo. Kwa uwiano wa 100 kwa 1, mwenye hisa 60 aliyelipwa fedha taslimu si mwanahisa tena, na hatanufaika bei ikipanda kesho. Kisa cha kampuni kufanya hivyo kwa makusudi kiko kwenye sehemu ya mwisho.

## Mfukoni mwako

Gawio langu litapungua?

Gawio kwa hisa hurekebishwa ili jumla ibaki ileile, kampuni ikiamua kuendelea kulipa kiasi kilekile. General Electric ilikuwa ikilipa senti 1 kwa hisa kila robo mwaka. Baada ya kuunganisha 8 kwa 1 ikalipa senti 8. Mwenye hisa 800 alikuwa akipata dola 8, na akiwa na hisa 100 akaendelea kupata dola 8.

Nihesabuje faida au hasara yangu, na kodi?

Gharama uliyonunulia haibadiliki kwa jumla, inagawanywa kwa hisa chache. Ulinunua hisa 200 kwa dola 3, ukatumia dola 600. Baada ya 20 kwa 1 una hisa 10, kila moja ikiwa na gharama ya dola 60. Hisa ikiuzwa dola 45 una hasara, hata kama namba 45 inapendeza kuliko 3. Programu zisiporekebisha gharama hiyo, utaonyeshwa faida ambayo haipo. Andika gharama zako mwenyewe kwenye daftari au jedwali.

Kwa sheria ya kodi ya Marekani, kuunganisha hisa kwa kawaida si tukio la kutozwa kodi. Fedha taslimu ulizolipwa kwa kipande huhesabiwa kama mauzo ya kipande hicho.

Niuze kabla ya siku yenyewe?

Uwiano wa kuunganisha si sababu ya kuuza wala ya kununua. Sababu iliyoisukuma kampuni kuunganisha ndiyo ya kuangalia: ina fedha za kutosha kufikia mwaka ujao? Mauzo yanakua? Ina madeni yanayoweza kugeuzwa kuwa hisa? Hisa nyingi za kampuni dhaifu huendelea kushuka baada ya kuunganishwa, kwa kuwa tatizo lililozishusha bado lipo na hisa mpya ziko njiani.

Kwa hiyo kila kampuni inayounganisha hisa inakufa?

Hapana. Citigroup ilimaliza mwaka 2011 ikiwa chini ya dola 27 kwa hisa, na waliolia walikuwa na haki ya kulia. Mwaka 2021 ilikuwa imepita dola 70. General Electric, ile ya 8 kwa 1, iliendelea kujitenga kuwa kampuni tatu: GE HealthCare mwaka 2023, kisha GE Vernova na GE Aerospace mwaka 2024, na walioshikilia hisa hawakujuta. Hizi zilikuwa kampuni kubwa zenye wateja na mapato. Zilikuwa mbali na mstari wa dola 1 zilipounganisha, kwa hiyo hazikusukumwa na barua ya onyo.

## Afrika Mashariki

Jambo hili limewahi kutokea kwenye masoko yetu?

Si la kawaida, lakini lipo. Linalokumbukwa zaidi ni Kenya Airways. Mwaka 2017 ilipanga upya mtaji wake: madeni yakageuzwa kuwa hisa na hisa zikaunganishwa ndani ya mpango huohuo. Mwishoni serikali ya Kenya ilishika asilimia 48.9, kampuni ya mabenki yaliyokuwa yakiidai ikashika 38.1, na KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ikashuka kutoka 26.7 hadi 7.8. Ikiwa mwanahisa mkubwa kama KLM alipungua kiasi hicho, mwalimu au mkulima aliyenunua hisa zake miaka ya tisini alibaki na sehemu ndogo kupindukia. Hata hapo, kilichowapunguza ni hisa mpya walizopewa wadai.

Tanzania nayo, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inairuhusu kampuni kuunganisha hisa zake kupitia mkutano mkuu, endapo katiba yake inaruhusu.

Safaricom ina hisa bilioni 40. Ikiunganisha, bei si itapanda na sisi tutafaidika?

Bei itapanda, utajiri hautapanda. Hisa zile zilipouzwa kwa umma mwaka 2008, bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, wingi wake ndio uliowawezesha watu wa kipato kidogo kuingia. Ziunganishwe 10 kwa 1 na kila anayeshika hisa 1,000 atabaki na 100, akipokea gawio lilelile kwa jumla. Bei ndogo kwa hisa haimaanishi kampuni ndogo. Zidisha bei kwa idadi ya hisa zote, hapo ndipo utajua ukubwa wake. Safaricom haikabiliwi na kanuni ya dola 1, kwa hiyo msukumo wa kuunganisha ni mdogo.

## Visa vya pembeni

Kampuni yangu imeunganisha mara tatu ndani ya mwaka. Ni halali?

Imewahi kufanyika. Mullen Automotive, kampuni ya magari ya umeme ya California, iliunganisha 25 kwa 1 Mei 2023, 9 kwa 1 Agosti 2023 na 100 kwa 1 Desemba 2023. Zidisha: 25 × 9 × 100 ni 22,500. Kwa hesabu tupu, aliyeanza mwaka na hisa 22,500 aliumaliza na moja. Septemba 2024 ikaja nyingine ya 100 kwa 1. Katikati ya matukio hayo kampuni ilikuwa ikitoa hisa mpya, na ndiyo maana bei ilirudi chini kila mara.

Masoko yamekaza kanuni. Tangu Januari 2025, kampuni ya Nasdaq ikishuka chini ya dola 1 ndani ya mwaka mmoja baada ya kuunganisha haipewi tena zile siku 180. Hali ni hiyohiyo kwa iliyounganisha kwa jumla ya 250 kwa 1 au zaidi ndani ya miaka miwili. Kwa New York kikomo cha miaka miwili ni 200 kwa 1. Ukiona kampuni iliyounganisha mwaka huu inakaribia tena dola 1, jua muda wake ni mfupi.

Ni kweli kampuni inaweza kuunganisha hisa ili kuwatoa wanahisa wadogo?

Kweli. Inachagua uwiano mkubwa, tuseme 1,000 kwa 1, na kila mwenye chini ya hisa 1,000 analipwa fedha taslimu na kuondoka. Lengo ni kupunguza wanahisa waliosajiliwa hadi chini ya 300, ili kampuni iruhusiwe kuacha kutoa taarifa kwa mamlaka ya masoko ya Marekani. Kanuni zinailazimu kueleza kwa maandishi kwa nini inaona bei hiyo ni ya haki kwa wanaotolewa. Maelezo hayo ni ya umma. Yasome, kwa kuwa bei hiyo ndiyo malipo yako ya mwisho.

Nimeshauriwa ninunue hisa moja kabla ya kuunganisha ili iongezwe kuwa hisa nzima. Nifanye?

Usiitegemee. Kampuni nyingine huongeza vipande kwa kila mmiliki, nyingine kwa kiwango cha dalali tu (hisa za wateja wake wote huhesabiwa kama za mmiliki mmoja), na nyingine hulipa fedha. Hata kampuni ikiongeza, dalali wako anaweza kukupa taslimu. Anayekuuzia mbinu hii kwa ada anajua hilo.

Oda yangu ya kuuza kwa bei maalumu imepotea.

Madalali wengi hufuta oda zilizokuwa zikisubiri kabla ya siku ya kuunganisha, maana bei uliyoweka haina maana tena. Iweke upya kwa bei mpya.

Chati inaonyesha hisa hii iliwahi kuuzwa maelfu ya dola. Kweli?

Chati hurekebishwa kurudi nyuma. Hisa iliyouzwa dola 2 kabla ya kuunganishwa 22,500 kwa 1 itaonekana ilikuwa dola 45,000. Hakuna aliyeilipa bei hiyo, na "kurudi ilikokuwa" si lengo la kuwekea matumaini.

Nitapata wapi taarifa kabla haijatokea?

Kwenye EDGAR, hifadhi ya nyaraka ya mamlaka ya masoko ya Marekani. Ni bure na haihitaji akaunti. Andika jina la kampuni. Fomu DEF 14A ndiyo yenye pendekezo na aya ya hisa zilizoidhinishwa, 8-K hutangaza uwiano na tarehe, na S-3 au 424B5 zikionekana wiki chache baadaye, hisa mpya zinaandaliwa au tayari zinauzwa. Nasdaq inataka umma utangaziwe angalau siku mbili za kazi kabla, muda ambao ni mfupi kwa aliye mbali. Kwa hiyo anza na DEF 14A, ambayo hutoka wiki kadhaa kabla ya kura. Kwa kampuni za Nairobi na Dar es Salaam, soma tangazo la mkutano mkuu na waraka kwa wanahisa, na uhakikishe anwani uliyomwachia dalali au msajili wa hisa bado ni yako.